Sauti ya A-Tien na Kufuli la Pili

"Ni mimi. Ni mimi niliyemuua baba yako mara ya pili."

Hapo ndipo tulipomwacha Yueh-o wiki iliyopita: ameketi juu ya ndoo ya soya, aproni imejaa unga, simu mapajani. Kando ya friji alisimama binti yake, Szu-yin, mdomo wazi, ukweli umefika kwenye ncha ya ulimi.

Wengi wenu mlidhani angesema. Mimi pia nilimtakia aseme.

Szu-yin alimeza mate, akasema, "Usijilaumu sana, Mama."

Sana! Yaani ajilaumu, ila asizidishe.

Kama umetufikia leo, shika haya machache. Mume wa Yueh-o, A-Tien, alikuwa akienda sokoni alfajiri kulinunulia mboga duka lao dogo la kifungua kinywa hapa mjini Chiayi. Kila siku, akiwa bado sokoni, alimtumia mkewe ujumbe wa sauti. "Yueh-o, figili za leo ni ngumu kama moyo wako, nimechukua mbili." "Yueh-o, mvua inanyesha huku, funga turubai." Alipofariki, sauti hizo zilibaki ndani ya simu ya mkewe. Tangu hapo Yueh-o hakuwahi kuwasha jiko kabla ya kusikiliza moja.

Leo asubuhi alibonyeza, pakawa kimya. Akaunti imefungwa. Mazungumzo yote yametoweka.

Yueh-o alikumbuka kwamba jana asubuhi, akiwa na vidole vyenye mafuta, alibonyeza kitu chekundu kilichojitokeza kwenye kioo cha simu. Basi akajihukumu.

Lakini wewe na mimi tunajua. Kile chekundu kilikuwa tangazo la viatu.

Aliyeufungua mlango wa akaunti ile ni Szu-yin.

*

"Mrembo! Chapati ya yai moja, usitie kitunguu!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Bwana Hung, dereva wa teksi, mteja wa kila siku.

Yueh-o alinyanyuka kwenye ndoo, akafuta macho kwa kiwiko, akawasha jiko. Duka la kifungua kinywa halingoji machozi yakauke.

"Karibu, mtanashati," alisema. Kwa Yueh-o kila mwanamume ni mtanashati na kila mwanamke ni mrembo, hata Bwana Hung aliyebakiwa na meno ya kuhesabika.

"Kwanza nikuulize," alisema Bwana Hung, akijitupa kwenye kiti cha plastiki. "Huyu binti yako ana umri gani?"

"Si unamwona? Amemaliza chuo."

"Na bado anachora na kalamu za rangi?"

"Unasema nini wewe?"

Bwana Hung alitoa simu yake, akaisoma kwa sauti ya kuigiza. "'Kaka Hung, mwanangu ameingia shindano la kuchora. Nipe namba yako ya simu nimpigie kura kwa niaba yako. Utapokea namba sita, nitumie.' Umenitumia wewe, jana saa za chakula cha mchana. Na picha yako ipo hapo, umekumbatia sufuria."

Szu-yin aliyekuwa akikunja chapati aliichana katikati.

"Mimi?" Yueh-o aliduwaa. "Mimi sijaandika hivyo!"

"Najua hujaandika. Tangu lini ukaniita kaka? Lakini kidogo tu nitoe hizo namba. Mke wangu akanichapa mkono kwa kijiti cha kulia chakula. Akaniambia, zile namba hapewi mtu, hata akija mungu wa ardhi mwenyewe na ndevu zake." Alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona uso wa Yueh-o. "Dada, umeibiwa akaunti."

"Kumbe nimeibiwa? Si kwamba nimefuta?"

"Umeibiwa. Na sasa mwizi anatembea mtaani amevaa uso wako."

Yueh-o aliweka mwiko chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo rangi ilimrudi usoni. Mtu akiibiwa si kosa lake! Szu-yin aliona jambo hilo likimfikia mama yake, naye akashusha pumzi. Labda yangeishia hapo. Labda mwizi angebeba lawama zote, na yeye asihitaji kusema neno.

Bwana Hung hakujua kunyamaza.

"Ila hawa watu hawana uchawi," aliendelea. "Mlango huu hauvunjwi. Unafunguliwa kutoka ndani. Lazima zile namba ziliingia kwenye simu yako, na mtu akawapa."

"Sikumpa mtu."

"Fikiri vizuri."

"Simu ninayo mimi, mfukoni mwa aproni. Asubuhi nampa binti yangu A-Yin apokee oda, basi. Nami sikumpa mtu namba yoyote."

Sahani ilianguka. Szu-yin aliinama kuokota vipande, akabaki huko chini zaidi ya ilivyohitajika.

"Labda ulitoa ukasahau," alisema Bwana Hung kwa upole. "Umri nao, dada. Mimi juzi nimeitafuta miwani nikiwa nimeivaa."

Alitania tu. Angejua alichokuwa anachimba, angekula chapati yake akaondoka.

Maana Yueh-o hakucheka. Alitazama mikono yake.

"Wiki iliyopita," alisema polepole, "nilitia sukari badala ya chumvi kwenye keki za figili."

"Ah, hilo ni jambo dogo..."

"Mama yangu alianza hivyo hivyo."

Mtaa mzima ulikumbuka jinsi bibi yule alivyomalizia siku zake: alitia chumvi kwenye maziwa ya soya, kisha akawatazama binti zake wawili na kuwauliza kwa adabu, "Ninyi ni watoto wa nani?"

"Mama," alisema Szu-yin kutoka sakafuni.

"Nilimpa mtu zile namba," alisema Yueh-o. "Nilimpa, na sikumbuki. A-Yin, mwanangu, wapigie simu hospitali."

*

Alipiga.

Ndiyo. Szu-yin, mtoto aliyekuwa akilia akiona paka amenyeshewa, alitoka nje kwenye pikipiki zilizoegeshwa, akapiga simu hospitali kumwombea mama yake miadi ya kupimwa usahaulifu.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza muuguzi.

Akalitaja.

"Amesahau nini hasa, mpaka mkashtuka?"

Szu-yin alifungua mdomo. Magari yalipita.

"Dada, unanisikia? Amesahau nini?"

"Amesahau... kitu ambacho hakukifanya."

"Sijakuelewa."

"Hata mimi," alisema Szu-yin. "Naomba tu nafasi."

Akapewa Jumanne.

Alipokata simu, aliona ng'ambo ya barabara mtu akimtazama. Ni Mama Mdogo Chiao, mdogo wake mama yake, mwenye duka lingine la kifungua kinywa, uso kwa uso na lao. Juu ya mlango wake kibao chekundu kilibeba jina lake na namba ya simu kwa tarakimu kubwa kama mikate. Dada hawa wawili hawajasemezana miaka mingi, tangu Chiao alipofungua duka lake akiwa na mchuzi uleule wa mama yao. Wateja wanaotaka amani hula huku leo, kesho kule.

Mama Mdogo aliinua kidevu, kama mtu anayeuliza, "Kuna nini?"

Szu-yin alifundishwa tangu utotoni kutoitikia kidevu kile. Akageuka, akaingia ndani.

*

Nieleze jana, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiirudia kichwani huku akifuta meza.

Ilikuwa saa ya foleni. Wanafunzi, wafanyakazi wa benki, kina mama wenye helmeti kichwani, wote wanataka chakula sasa hivi. Szu-yin alikuwa ameishika simu ya mama yake, anasoma oda zinazoingia, anapaza sauti: "Keki za figili mbili, chai ya maziwa bila barafu!"

Katikati ya oda ukaingia ujumbe kutoka kwa Mwalimu Wen.

Mwalimu Wen alimfundisha Szu-yin shule ya msingi. Alikuwa mwanamke mpole, na mtaa mzima ulijua, bila kusema, kwamba alihangaika miaka na miaka kutafuta mtoto bila kumpata. Ujumbe ulisema: "Mwanangu ameingia shindano la kuchora."

Mwanangu!

Hebu fikiri ungekuwa wewe. Ungethubutu kumuuliza mwanamke kama huyo, "Mwana yupi?" Szu-yin alihisi furaha na haya kwa pamoja. Pengine ameasili mtoto. Pengine anaficha bado. Kuuliza kungekuwa kutia kidole kwenye kidonda. Na kukataa? Hapa kwetu mtu akikuomba kura moja kwa ajili ya mtoto, ukakataa, mtakutana sokoni kwa uso gani?

Akatoa namba ya simu ya mama yake. Zikaja namba sita. Chini yake yaliandikwa maneno ya onyo, lakini mteja alikuwa akidai mrija wa kunywea. Akazituma.

Hapo pangekuwa bado na wokovu. Akaunti ile ilikuwa na kufuli la pili: neno la siri la ziada, ambalo mwizi asingelijua hata angezipata zile namba sita. Szu-yin mwenyewe ndiye aliyeliweka, baada ya semina moja chuoni.

Na Szu-yin mwenyewe ndiye aliyeliondoa. Mwezi uliopita. Kwa sababu kila mara Yueh-o alipiga kelele kutoka jikoni, "A-Yin! Kinaniuliza tena! Nimekuwa mgeni kwenye simu yangu mwenyewe?" Siku moja alichoka, akalizima, akasema, "Haya Mama, hakitakuuliza tena."

Alikuwa na haraka. Alikuwa na haya. Nami siwezi kumcheka, maana vyote viwili navijua.

Ila yale aliyoyafanya baadaye hayana jina zuri. Jana mchana simu ilipofunga akaunti, alielewa papo hapo. Akamwambia mama yake, "Ni mtandao. Kesho utarudi." Usiku hakulala. Na leo amemwacha mama yake akivaa kosa ambalo si lake, kwanza dogo, halafu kubwa, na sasa ameliombea miadi hospitali.

*

Mchana walishusha mlango wa bati nusu, kama ilivyo desturi duka likifungwa. Yueh-o alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akapanda ngazi mpaka chumba cha madhabahu.

"Njoo," alimwita binti yake. "Nataka kumuuliza baba yako."

Picha ya A-Tien ilitazama chini kutoka ukutani, na lile tabasamu la upande mmoja. Yueh-o aliwasha ubani, akaweka keki ya figili aliyoikaanga mwenyewe. Kisha akachukua sarafu mbili kutoka kwenye kisahani chekundu.

Szu-yin alizijua sarafu zile tangu mtoto. Ukimuuliza marehemu jambo, unazirusha. Moja ikilala kichwa na nyingine mkia, amesema ndiyo. Zikifanana, amesema hapana, au anakucheka.

"A-Tien," alisema Yueh-o, "mimi mkeo nimekuja kukiri. Nimepoteza sauti yako. Nadhani akili yangu imeanza kwenda alikokwenda mama. Kama ni mimi niliyempa mwizi zile namba, niambie, nijiandae mapema, nisije nikamsumbua mtoto."

Akarusha.

Sarafu ziliruka, zikagonga sakafu, zikazunguka, zikalala.

Zilifanana.

"Hapana?" Yueh-o alikunja uso. "Ananihurumia. Alikuwa hivyo hivyo, nikiunguza chakula anasema kimeiva vizuri." Akazirusha tena. "A-Tien, acha huruma, sema kweli. Ni mimi?"

Zilifanana.

Szu-yin hakuwa na hakika kama anaamini sarafu. Siku hiyo hakuthubutu kutoziamini.

"Mara ya tatu," alisema Yueh-o, sauti yake ikipungua. "Ni mimi?"

Sarafu moja ililala upesi. Nyingine ilikimbia mpaka kwenye mguu wa meza, ikagonga, ikayumba, ikaanguka.

Zilifanana.

Yueh-o alikaa juu ya visigino vyake. Alitazama picha muda mrefu. Halafu, jambo la ajabu, alianza kulia kwa furaha, mkono kifuani.

"Si mimi! A-Yin, umeona? Baba yako anasema si mimi! Bado ninayo akili yangu!"

"Nimeona, Mama."

"Mara tatu!"

"Nimeona."

Alifuta machozi. Kisha furaha ikamwondoka usoni, polepole, kama maji yanavyoondoka kwenye karai.

"Kama si mimi," alisema, "basi ni nani?"

Yueh-o aliokota sarafu. Hakumtazama binti yake. Alizitikisa katikati ya viganja.

"A-Tien. Aliyetoa zile namba ni mtu wa nyumba hii?"

Akarusha.

Zilikuwa bado zinazunguka Szu-yin alipojitupa sakafuni na kuzifunika kwa mkono wake.

"Usimuulize!" alilia. "Usimuulize Baba. Niulize mimi."

*

Akasema yote. Foleni, Mwalimu Wen, mtoto, kura, namba sita, kufuli la pili alilolizima. Alisema paji la uso likiwa chini, na sarafu zikimchoma kiganja.

Yueh-o alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu Wen hana mtoto," alisema.

"Najua, Mama."

"Ulijua?"

"Nilidhani labda amempata. Niliona haya kuuliza. Niliogopa kumwumiza."

"Ungempigia simu. Ungemwambia tu, 'Mwalimu, habari za asubuhi.' Angekujibu, na yote yangejulikana."

"Ndiyo, Mama."

"Hukutaka kumwumiza Mwalimu Wen." Yueh-o alitikisa kichwa taratibu. "Wewe ni mtoto mwenye moyo mwema. Kila mtu anasema. Wateja wanasema, 'Binti yako ana haya, ana moyo mwema.' Sasa niambie. Asubuhi, nilipokaa kwenye ndoo nikilia kwamba nimemuua baba yako, huo moyo mwema ulikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, Mama. Niliogopa."

"Nilipokwambia piga simu hospitali?"

Szu-yin alizidi kuzikandamiza sarafu sakafuni.

"Ulipiga!" Sasa sauti yake ilivunjika. "Namba nimezisamehe. Namba hata mimi ningezitoa, hata Hung kakaribia. Lakini ulisimama pale, ukanitazama nikiamini kwamba nakuwa kama mama yangu. Nikijiuliza siku gani nitakuita wewe mteja. Na ukapiga simu! Ulikuwa unyamaze mpaka lini?"

"Sijui."

"Mpaka Jumanne? Mpaka daktari aniulize leo ni siku gani, niogope kujibu?"

"Sijui, Mama. Kila nilipotaka kusema, kosa lilikuwa limeshakua kubwa kuliko mdomo wangu."

Yueh-o alinyanyuka. Szu-yin alidhani atapigwa, na kwa kweli aliomba apigwe, maana kofi lina mwisho. Mama yake alimpita tu. Alikwenda kwenye madhabahu, akavuta droo ya chini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chekundu.

Ilikuwa simu ya A-Tien. Betri ilikuwa imevimba mpaka kioo kimeachana na mwili wake.

"Hii imekufa," alisema Yueh-o. "Hata fundi aliikataa, alisema itamlipukia. Lakini wewe umesoma. Baba yako alizituma zile sauti kutoka humu. Mtu akituma barua, haibaki alama kwake?"

Szu-yin aliinua kichwa.

Alikaa wima. Jana na leo hatia ilikuwa imemziba masikio, hakuwahi kufikiria upande wa pili. Sauti zile zilikuwa na ncha mbili: mpokeaji na mtumaji!

"Mama! Baba alikuwa na ghala la mtandaoni. Lile la picha za sokoni. Kama lilikuwa likihifadhi na mazungumzo..."

"Sema tu ndiyo au hapana."

"Huenda ndiyo!"

Alishuka ngazi mbio, akarudi na kompyuta mpakato, akaiweka sakafuni mbele ya ubani. Akaandika anwani ya baba yake. Ukurasa ukaomba neno la siri.

"Siku tuliyofungua duka," alisema Yueh-o. "Kila kitu chake kilikuwa siku tuliyofungua duka."

Szu-yin aliandika. Alikosea, akaandika tena.

Ukurasa ulifikiri.

Ukakubali!

"Umefunguka?" Yueh-o alipiga magoti kando yake, amesahau hasira, bega lake likagusa bega la binti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. "A-Yin, umefunguka?"

"Bado. Unauliza hatua ya pili."

"Hatua gani tena?"

"Baba aliweka kufuli la pili. Ili hata mtu akilijua neno lake la siri, asiingie mpaka apate namba sita zinazotumwa kwenye simu."

"Mwanamume yule," alisema Yueh-o, nusu anacheka nusu analia. "Alifunga baiskeli yake kwa minyororo miwili, na baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Zimetumwa wapi? Kwenye namba yake? Namba yake tuliirudisha kwa kampuni!"

Hofu ileile ilimshika Szu-yin. Akasoma. Akasoma tena.

"Si namba yake, Mama. Ni nyingine. Wanaonyesha mwisho wake tu." Alielekeza kidole. "Inaishia tatu, moja, sita. Si yako. Si yangu. Baba aliamini simu ya nani?"

Szu-yin aligeuka kumtazama. Uso wa mama yake ulikuwa mweupe kama unga uliobaki kwenye aproni. Hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa akitazama dirishani, chini, ng'ambo ya barabara, ambapo kibao chekundu kiliwaka juani, na tarakimu zake kubwa kama mikate.

Tatu. Moja. Sita.

"Aliniapia," alinong'ona Yueh-o. "Aliniapia kwamba hajawahi kukanyaga kwa Chiao."

Chini, mlango wa bati wa duka la ng'ambo ulipanda kwa kishindo. Mama Mdogo Chiao alitoka na ndara, nywele zimefungwa kwa taulo, simu mkononi. Alivuka nusu ya barabara bila kutazama magari. Pikipiki ilimpigia honi, hakusikia. Alisimama juu ya mstari wa katikati, akainua uso kwenye dirisha lao.

"Dada!" aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kuita neno hilo tangu walipogombana. "Nani anagonga mlango wa A-Tien?"

Yueh-o alifungua dirisha. Mikono yake ilishika chuma cha dirisha mpaka vifundo vikatokeza.

"Mimi! Mimi mkewe! Umepata namba sita?"

"Nimepata."

"Nisomee!"

Mama Mdogo alitazama simu. Alitazama juu.

"Chiao, zinaisha muda! Nisomee, nakuomba. Mwanangu ametoa namba kwa mwizi kwa sababu aliombwa kwa upole. Na mimi nakuomba kwa upole. Sauti ya mume wangu iko humo!"

"Ndiyo maana siwezi," alilia Mama Mdogo kutoka katikati ya barabara, akiikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili. "Alinijia wiki moja kabla hajafa. Aliniapisha mbele ya picha ya mama. Alisema, zile namba zikija siku yoyote, nisimpe mtu. Na hasa nisikupe wewe, dada!"